Kunoa Wembe wa Kukunja Uliopinda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayorudiwa na watu wa Mbeya, Iringa, Njombe na wilaya zake wanaonoa nyembe zao wenyewe: waliorithi wembe wa babu, walioupata kwenye meza za mitumba za soko la Mwanjelwa, Mbeya, na vinyozi wanaotaka kujifunza kazi ya zamani. Majibu yanahusu wembe wenye bapa la kudumu linalokunjwa ndani ya mpini, na hayahusu ule wa kuchomeka wembe mdogo wa kutupa. Kila jibu linajitosheleza. Pale ambapo jambo limeelezwa kwingine, namba ya swali imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Wembe uliopinda ni upi, na unatofautianaje na wembe ulio butu tu?

Wembe wa kukunja una mgongo mnene, bapa linalozidi kuwa jembamba kadiri linavyoshuka, na makali. Ukiulaza juu ya jiwe, mgongo na makali hugusa jiwe kwa pamoja, kwa hiyo mgongo ndio unaopanga pembe ya kunolea. Wembe wenye upana wa milimita 17 na mgongo wa unene wa milimita 5 hupata pembe ya takriban nyuzi 17, na mnoaji hana haja ya kuikadiria kwa jicho kama anavyofanya anaponoa kisu.

Mpango huo unategemea sharti moja, kwamba bapa limenyooka kutoka shinani, yaani karibu na mpini, hadi nchani. Wembe uliopinda ni ule ambao bapa lake zima, mgongo pamoja na makali, limeelekea upande mmoja, hata kama ni kwa sehemu ndogo ya milimita, kiasi kwamba ubavu mmoja umebonyea na wa pili umebinuka. Wembe butu wa kawaida hugusa jiwe kwa urefu wote na hatimaye hupata makali kwa urefu wote. Uliopinda hugusa kwa vipande, ukanyoa vizuri katikati na kuvuta nywele shinani na nchani, au kinyume chake. Mtu anayesema kwamba amenoa kwa bidii na bado mahali palepale hapakati, aanze kwa kushuku umbo la wembe kabla ya kuushuku mkono wake.

2. Chuma cha wembe ni kigumu mno. Kinapindaje?

Kwa kawaida kilipinda kiwandani, kikiwa bado hakijafika mkononi mwa mtu. Chuma cha wembe huwa na kaboni karibu asilimia 1. Hupashwa moto hadi nyuzi joto 800 hivi kisha huzamishwa ghafla, mara nyingi ndani ya mafuta, ili kiwe kigumu. Katika kupoa huko mpangilio wa ndani wa chuma hubadilika na ujazo wake huongezeka kidogo. Ubavu mmoja ukitangulia kupoa, pande mbili huvutana na bapa huelekea upande. Baadaye huja kusagwa kwa magurudumu ili mbavu zichimbike na bapa liwe jembamba, na kazi hiyo nayo huongeza joto na kuachia mivutano iliyokuwa imefungwa ndani ya chuma.

Hata nyembe za miji yenye sifa kubwa hukumbwa na jambo hili, iwe Sheffield ya Uingereza au Solingen ya Ujerumani, mji ambao jina lake limelindwa kwa sheria ya nchi hiyo tangu mwaka 1938. Wembe ukianguka kwenye sakafu ya saruji humeguka au huvunjika. Ni nadra sana upinde. Kwa hiyo kupinda hakuthibitishi kwamba aliyeutumia kabla yako aliutesa.

3. Je, wembe uliopinda unaweza kunyoa vizuri?

Ndiyo, tena vizuri kabisa. Shavu lenyewe ni la mviringo na ngozi ni laini, hivyo mpindo wa sehemu ya milimita hauhisiki wakati wa kunyoa. Kinachohitajika ni makali yaliyokamilika kutoka mwanzo hadi mwisho, na hilo linategemea namna ya kunoa.

4. Si rahisi zaidi kuunyoosha kwanza?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na ndilo linaloharibu nyembe nyingi. Chuma kilichofanywa kigumu kwa kiwango hiki hakina unyumbufu wa bati wala wa nondo: ukikibana kwenye jiliwa na kukisukuma, kitarudi kilipokuwa au kitakatika, na vipande vyake huruka kwa kasi ya kutosha kujeruhi jicho.

Kukipasha moto ni vibaya zaidi, kwa sababu hasara yake haionekani mara moja. Baada ya kuzamishwa, wembe hupashwa tena moto mdogo, kati ya nyuzi joto 150 na 200 hivi, ili usiwe mwepesi kuvunjika. Joto lolote linalozidi hapo hupunguza ugumu. Chuma kikigeuka rangi ya majani makavu kimefikia takriban nyuzi 220. Kikiwa bluu kimekaribia 300, na hapo ugumu unaohitajika kushikilia makali ya kunyolea umekwisha kuondoka. Fundi wa kuchomelea anaweza kukurudishia wembe ulionyooka na unaong'aa, lakini utakuwa butu kabla hujamaliza shavu moja. Kwa sababu hiyohiyo, usiupeleke kwenye mashine ya kunolea mapanga, kwani bapa jembamba hugeuka bluu kwa sekunde chache.

Wahunzi wa nyembe wana njia yao ya kugonga ubavu uliobonyea kwa nyundo ndogo yenye ncha ngumu sana, ili upande huo utanuke kidogo kidogo na kusukuma bapa lirudi. Ni ufundi halali, lakini unamtaka mtu aliyejifunza kwa vyuma vingi vya majaribio. Kwa mnoaji wa nyumbani, ushauri wangu ni mmoja: uache wembe na mpindo wake, ubadilishe jiwe na mwendo wa mkono, kama ilivyoelezwa kuanzia Swali la 12.

## Kutambua tatizo

5. Nitajuaje kwa hakika kwamba wembe wangu umepinda?

Tafuta kipande cha kioo cha dirisha kilicho safi na ukiweke juu ya meza isiyoyumba. Laza wembe juu yake taratibu, mgongo na makali yakigusa, huku shingo ya wembe na mpini vikining'inia nje ya ukingo wa kioo. Shingo ikikaa juu ya kioo itainua bapa na kukupa jibu la uongo. Gusa mgongo kwa kidole shinani, kisha nchani. Ubavu uliobinuka ukiwa chini, wembe utayumba. Ukiugeuza, ubavu uliobonyea hautayumba, ila tochi ikiwekwa nyuma itaonyesha mwanga ukipita chini ya katikati ya bapa.

Kipimo cha kioo hutoa dalili. Kipimo cha wino hutoa uhakika. Pakaa wino wa kalamu ya maka kwenye mteremko mwembamba wa makali, pande zote mbili, uache ukauke. Pitisha wembe mara moja au mbili kila upande kwenye jiwe laini lililosawazishwa, bila kukandamiza na bila kuugeuza mkono, kisha uangalie kwa lenzi kama ile ya fundi saa. Wino uliofutika ni mahali palipogusa jiwe. Chora ulichokiona kwenye karatasi, pande zote mbili, kwa sababu maana yake inapatikana kwa kuzilinganisha.

6. Alama za wino zinasomwaje?

Kama upande mmoja wino umefutika shinani na nchani tu, na upande wa pili umefutika katikati tu, wembe umepinda. Alama za pande mbili hukamilishana, kwa sababu bonde la ubavu mmoja ndilo kilima cha mwingine.

Kama wino umebaki katikati kwa pande zote mbili, wembe haujapinda. Makali yenyewe yameliwa katikati na mstari wake umeingia ndani. Hilo ni tatizo jingine na lina jibu lake (Swali la 18). Kama wino umefutika katikati na kubaki shinani na nchani kwa pande zote mbili, mstari wa makali umebinuka kwenda nje, umbo ambalo nyembe nyingi za zamani zilitengenezwa nalo kwa makusudi, na mwendo wa Swali la 13 unalifaa bila kubadilisha chochote.

Alama inayowasumbua watu zaidi ni ile inayokuwa shinani upande mmoja na nchani upande wa pili. Huo ni msokoto: shina limeelekea huku na ncha kule. Tazama Swali la 17.

Kuna pia wembe ambao mgongo wake uliliwa zaidi upande mmoja na mnoaji aliyepita. Utauona kwa macho: sehemu iliyosagwa ya mgongo, ile inayong'aa, ni pana mahali fulani na nyembamba mahali pengine. Chunguza hili kabla ya kulaumu mpindo, maana mara nyingi mawili haya huwa pamoja; aliyepita alijaribu kuulazimisha wembe uliopinda ulale kwenye jiwe pana.

7. Mpini umepinda. Nao unahesabika?

Haumo katika kunoa. Angalia tu kwamba bapa linaingia katikati ya mpini bila makali kugusa upande wowote, kwa kuwa kila ukikunja utaharibu kazi yako.

## Mawe na vifaa

8. Ninahitaji mawe gani?

Kwa wembe ambao makali yake yamekwisha, anza na jiwe namba 1000 (namba ikizidi kuwa kubwa, chenga za jiwe huwa ndogo zaidi), lifuatiwe na namba 4000 au 5000, kisha 8000, na ukiweza 12000. Mawe ya pande mbili yanayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa ajili ya visu na majembe ni ya chenga kubwa mno, na yakigusa wembe huacha mapengo ambayo utayatoa kwa jasho.

Kwa wembe uliopinda, upana wa jiwe ni muhimu kama namba yake. Mawe ya kawaida huwa na upana wa sentimita 7 hivi, karibu sawa na urefu wa bapa lenyewe. Unachohitaji ni upana wa sentimita 3 au pungufu. Kabla ya kuagiza kutoka Dar es Salaam, angalia ulichonacho: jiwe la kutengenezwa lenye namba moja tu mwili mzima, ambalo halikugundishwa kwenye kitako, linaweza kusimamishwa kwa ubavu wake wa sentimita 2 au 2.5 na kutumika hivyo, baada ya kusawazisha ubavu huo. Jiwe lililounganishwa namba mbili halifai kwa njia hii, kwa sababu ubavuni chenga mbili tofauti hukaa pamoja.

Msasa wa maji unaweza kusaidia pale mawe yanapokosekana. Ubandike kwenye kipande chembamba cha kioo kinene au cha marumaru, ukikumbuka kwamba namba za msasa hazilingani na za mawe ya Kijapani: msasa wa P2000 una chenga za takriban mikroni 10 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ukiwa karibu zaidi na jiwe namba 1000 kuliko namba 2000. Kwa hatua za mwisho zipo karatasi za plastiki zenye chenga za mikroni 3 na 1, zinazotumika pia kung'arisha ncha za nyuzi za mkongo wa intaneti. Anayefahamiana na mafundi wa kazi hiyo anaweza kuulizia.

9. Je, jiwe la mtoni la hapa kwetu linafaa?

Mawe mengi yetu hayafai kwa wembe, na sababu iko katika asili yake. Miamba mikubwa inayozunguka mji wa Iringa ni ya jamii ya matale, ambayo ndani yake chembe za madini magumu na laini, kubwa na ndogo, zimechanganyika. Chembe moja kubwa inatosha kung'oa kipande cha makali. Mawe mepesi yenye matundu ya upande wa Rungwe yalitokana na volkano na kwa sehemu kubwa ni kioo cha asili, yakisugua kisigino cha mguu vizuri lakini yakikwaruza chuma ovyo.

Mawe ya asili yaliyosifika kwa nyembe, kama yale ya Ardennes nchini Ubelgiji, ya Thuringia nchini Ujerumani na ya kando ya Kyoto nchini Japani, yote yanatokana na tope laini sana lililotulia chini ya maji na kugandamizwa kwa muda mrefu, kwa hiyo chembe zake ni ndogo na zinalingana. Ukiokota jiwe laini la tabaka linalofanana na ubao wa kuandikia, lijaribu kwanza kwa kisu cha jikoni na uangalie mikwaruzo kwa lenzi. Mkwaruzo mmoja mrefu ulio na kina kuliko mingine unatosha kuliondoa kwenye orodha.

10. Jiwe langu linasawazishwaje?

Chora mistari ya penseli kwenye uso wake, uisugue juu ya msasa wa maji uliolazwa kwenye kioo chenye maji mpaka mistari yote ifutike kwa pamoja. Kisha vunja kona zote za jiwe kwa kuzisugua kwa mteremko mdogo. Jiwe jembamba lenye kona kali huchimba bapa. Jiwe lililobonyea katikati ndilo adui mkubwa wa ubavu uliobonyea, kwa sababu pengo la jiwe linajumlishwa na pengo la wembe. Wanoaji wengine huliacha jiwe libinuke kidogo sana katikati kwa makusudi, nayo ni njia nzuri, ila mtu anayeanza apate kwanza mkono wa kutumia jiwe sawa.

11. Niweke tepu kwenye mgongo?

Kwa wembe uliopinda, ndiyo. Mpindo husababisha mgongo uguse jiwe kwa vipande, na bila kinga utaliwa kwa vipande, jambo linalobadilisha pembe ya kunolea kutoka mahali hadi mahali. Tepu ya fundi umeme yenye unene wa milimita 0.15 hivi, tabaka moja, huongeza pembe kwa takriban nyuzi 1 kwenye wembe wa vipimo vya Swali la 1, ongezeko ambalo shavu halilitambui. Ibadilishe inapotoboka, na ukianza nayo umalize nayo hadi jiwe la mwisho. Ukiivua katikati ya kazi, mawe laini yatakuwa yanasugua nyuma ya makali bila kuyafikia.

## Kazi yenyewe

12. Kwa nini jiwe jembamba linafaulu pale jiwe pana linaposhindwa?

Kwa sababu kina cha bonde hupungua haraka kuliko upana wake. Chukua wembe ambao ubavu wake umebonyea kwa milimita 0.2 katika urefu wa sentimita 7. Juu ya jiwe pana, katikati ya makali huelea milimita 0.2 juu ya jiwe, na hakuna idadi ya mipitisho itakayoyafikisha chini isipokuwa kwa kusaga shina na ncha mpaka ziishe. Punguza upana wa jiwe hadi theluthi moja, na pengo hupungua hadi sehemu moja ya tisa: milimita 0.02 hivi. Pengo dogo kiasi hicho hufungwa na uzito wa wembe pamoja na mnyumbuko mdogo wa bapa lililochimbwa mbavu.

Hesabu hiyo ndiyo msingi wa ukurasa huu wote. Wembe unabaki na umbo lake. Jiwe ndilo linaloshuka ndani ya bonde na kulifuata. Pia inaeleza kwa nini mtu anayesaga wembe kwenye jiwe pana hadi ulale kabisa hupoteza upana wa bapa na unene wa mgongo ambao haurudi tena, ilhali anayetumia jiwe jembamba huondoa chuma kidogo tu kwenye mteremko wa makali.

Ubavu uliobinuka unaweza kunolewa hata kwenye jiwe pana ukifuata mwendo wa Swali la 13. Hata hivyo, mimi hupendelea jiwe lilelile jembamba kwa pande zote mbili, kwa kuwa mkono hubaki na zoea moja.

13. Mkono unakwendaje?

Weka jiwe kwa urefu mbele yako. Laza shina la bapa kwenye mwanzo wa jiwe, makali yakitangulia, na usukume wembe kwenda mbele huku ukiuvuta taratibu upande wa mpini, ili ufikapo mwisho wa jiwe ncha ndiyo iliyo juu yake. Ugeuze kwa kuuzungusha juu ya mgongo, kamwe si juu ya makali, na urudi vivyo hivyo. Njia mbili hizo zikichorwa huunda umbo la X. Juu ya jiwe la urefu wa sentimita 20, wembe unasafiri sentimita 20 mbele na sentimita 7 kando, kwa hiyo kila sehemu ya makali inapata zamu yake.

Kwenye ubavu uliobinuka ongeza mviringo mdogo: mwanzoni mwa mpitisho uzito wa wembe uwe shinani, katikati uwe katikati, mwishoni uhamie nchani, kwa kuinua mpini kwa kiasi kidogo sana. Mgongo usiachane na jiwe hata mara moja. Tazama maji yanavyosukumwa mbele ya makali. Mahali maji yanapopita chini ya makali badala ya kupanda juu ya bapa, hapo hapagusi.

Usikandamize. Jiwe jembamba hugusa eneo dogo, kwa hiyo nguvu ileile hubana kwa ukali zaidi, na bapa jembamba likikandamizwa hunyumbuka na kuyainua makali kutoka kwenye jiwe. Baada ya jiwe namba 1000, uzito wa wembe wenyewe unatosha.

14. Nitajuaje wakati wa kuhama kutoka jiwe moja kwenda jingine?

Jiwe namba 1000 ndilo linalojenga makali. Yanayofuata hung'arisha kilichojengwa. Usilihame mpaka miteremko miwili imekutana kwa urefu wote. Rudia kipimo cha wino cha Swali la 5: wino ufutike kila mahali, pande zote mbili, hadi ukingoni kabisa. Kisha shika wembe chini ya taa makali yakitazama juu. Makali yaliyokutana hayarudishi mwanga; alama yoyote nyeupe ni mahali ambapo bado pana ubapa.

Kwa wembe uliopinda, mahali pa kuchelewa ni katikati ya ubavu uliobonyea. Endelea kwa mwendo uleule wa urefu wote, na ukilazimika kupaongezea mahali hapo mipitisho michache peke yake, irudishe ndani ya mwendo mzima mara moja. Kukaa mahali pamoja ndiko kunakochimba makali na kuleta tatizo la Swali la 18. Kwenye mawe laini, dalili ya kuhama ni kwamba mikwaruzo ya jiwe lililotangulia haionekani tena kwenye lenzi.

15. Na ukanda wa ngozi?

Tumia ukanda wa kuning'inia badala ya uliobandikwa kwenye ubao. Ngozi inayoning'inia hulegea kidogo na kuufuata mpindo, wakati iliyobandikwa hurudisha tatizo la jiwe pana. Mgongo hutangulia, makali hufuata, kwa umbo lile la X, mara 40 hadi 60 kwenda na kurudi. Ukanda ulegee kiasi cha kuhisiwa tu. Ukining'inia sana ngozi huzunguka ukingo na kuuviringisha. Tepu ivuliwe kabla ya kugusa ngozi. Kupaka oksidi ya kromiamu, ile ya kijani yenye chenga za mikroni 0.5 hivi, husaidia makali yaliyochoka, ila iwe kwenye ukanda mwingine.

## Maswali magumu

16. Fundi amesema anaweza kuusaga mgongo upande mmoja hadi ulale sawa. Nikubali?

Usikubali, ila kama wembe umekwisha haribiwa hivyo tayari na unataka kusawazisha pande mbili. Sababu ziko kwenye Swali la 4 na la 12.

17. Wembe wangu una msokoto. Njia ni ileile?

Kwa sehemu kubwa. Juu ya jiwe jembamba kipande kimoja tu cha bapa hulala kwa wakati mmoja, na kila kipande kikitazamwa peke yake kina mgongo na makali yanayoweza kugusa kwa pamoja. Kinachobadilika ni kifundo cha mkono: wembe unaposafiri kutoka shina hadi ncha, unauacha ujizungushe wenyewe polepole ufuate msokoto, na upande wa pili unauacha ujizungushe kinyume. Ushike kwa vidole kwenye shingo, kwa wepesi, ili wembe wenyewe uamue. Anayeushika kwa kiganja kizima huuzuia kujizungusha, na ncha hubaki hewani.

Utaona mwishoni kwamba mteremko wa makali si wa upana mmoja: mpana shinani upande mmoja, mpana nchani upande wa pili. Hiyo ni sura halali ya wembe wenye msokoto, na kujaribu kuilinganisha ni kula chuma bure.

18. Makali yameingia ndani katikati. Nifanyeje?

Hapa mstari wa makali lazima urekebishwe kabla ya kunoa. Simamisha wembe wima juu ya jiwe namba 1000 kama unayetaka kukata jiwe, na upitishe makali taratibu, kwa uzito mdogo, mpaka mstari uwe sawa au ubinuke kidogo kwenda nje. Utakuwa na ubapa wa kuonekana na kazi ya kujenga makali upya kutoka mwanzo, lakini ni njia safi kuliko kuhangaika na katikati kwa wiki nzima. Wembe uliopinda na ulioingia ndani kwa pamoja hutengenezwa hivi kwanza, kisha hunolewa kwa jiwe jembamba.

19. Baridi na mvua za huku zina madhara gani?

Kuna mambo mawili. Kwenye uwanda wa Kitulo na sehemu za Makete, ambako umande huganda mwezi Juni na Julai, jiwe lililolowekwa na kuachwa na maji ndani yake usiku linaweza kupasuka maji yanapoganda na kutanuka. Likaushe kivulini, ulitunze ndani. Upande wa Tukuyu, ambako mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, adui ni kutu: kausha wembe kwa kitambaa, uupitishe kwenye ngozi kavu, upake mafuta ya mashine ya cherehani kwa tabaka jembamba, na usiufungie ndani ya mfuko wa plastiki. Doa la kutu ukingoni ni pengo la kesho.

20. Nikishaunoa, naweza kuwanyolea wateja saluni?

Hapana. Wembe wa bapa la kudumu ni kifaa cha mtu mmoja. Njombe, Iringa na Mbeya zimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa yenye maambukizi ya juu ya VVU nchini, na homa ya ini aina ya B nayo husafiri kwa damu. Kupangusa kwa spiriti hakuhakikishi usalama, na maji ya kuchemka pamoja na dawa za klorini huharibu mpini na kuanzisha kutu kwenye makali. Kwa wateja tumia wembe wa kuchomeka, mpya kwa kila mtu.

21. Nadhani naona ufa. Ni ufa kweli au mkwaruzo?

Mkwaruzo unaweza kung'arishwa ukatoweka. Ufa hautoweki kwa kung'arishwa, na kwa kawaida huanzia ukingoni na kupanda kuelekea mgongo. Tumia njia waliyoitumia mafundi wa reli wa zamani kwenye vyuma vya treni: paka mafuta mepesi mahali panaposhukiwa, subiri yapenye, pangusa mpaka pakauke kabisa, kisha nyunyiza unga laini wa chaki na uuache. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda taratibu na kuchora mstari mweusi kwenye unga mweupe. Mstari ukionekana, usiunoe wembe huo tena, hata kama ufa ni mfupi kuliko punje ya mchele, kwa sababu bapa hilo linaweza kumeguka likiwa juu ya ngozi.